Mke wa Mwalimu Alikuwa Akikuna Nazi Kila Nikipiga Gitaa

Kila nilipokosea, mwanamke yule aliacha kukuna nazi.

Sisemi kwa mafumbo. Nikipiga gitaa sawasawa, mbuzi yake ya kukunia inaendelea: krr, krr, krr. Kidole kikiteleza kidogo tu, kimya. Anainua uso, ananitazama. Halafu mumewe, ambaye ndiye mwalimu wangu, anasema neno moja.

"Rudia."

Miezi minane hivyo. Jumatatu na Alhamisi, baada ya alasiri, nyumbani kwao Mwabungo.

Naandika haya bado nina hasira, kwa hivyo mkiona nimepandisha sauti mnivumilie. Nilipoanza nilijua vizuri kabisa namkasirikia nani. Sasa hata hilo sina uhakika nalo, na ndilo linaloniudhi zaidi.

Naitwa Sidi. Mimi ni binti wa Taru, bara kule kukavu, nyumba ya wafugaji na watu wa kanisa. Huku pwani, Ukunda, nimekaa mwaka wa sita huu, chumba cha kupanga Mvindeni, na kazi yangu ni dobi katika hoteli moja ya Diani. Jina la hoteli silitaji kwa sababu Jumatatu natakiwa kazini.

Watu husema, "Aah, si mashine ndizo zinazofua?" Zinafua, ndiyo. Lakini doa la mvinyo, doa la mafuta ya kujipaka, na madoa mengine ambayo mtu mwenye adabu hayataji, hayo ni mikono. Mikono na dawa. Glavu tunaletewa zikipenda kuja, na zinapasuka wiki ya kwanza.

Ngozi ya ncha za vidole vyangu ilianza kubabuka mwaka jana. Sasa chukua kidole kilichobabuka, kikandamize juu ya uzi wa chuma. Jaribu siku moja uone.

Gitaa lenyewe lilisahauliwa chumbani na mgeni. Likakaa stoo mwaka mzima, hakuna aliyeliulizia, nikaambiwa nilichukue. Nilikuwa napenda muziki tangu kanisani, ila sikuwahi kushika chombo. Nikajiambia, Sidi, hiki ndicho kitakachokutoa kwenye dawa.

Maana hoteli yetu ina bendi. Wanapigia wageni jioni wakila. Wanavaa mashati ya maua, mikono yao ni laini, na hakuna anayewanukia dawa ya madoa.

Nikaulizia mwalimu. Kila niliyemuuliza alitaja mtu mmoja: Mzee Waziri. Miaka thelathini amepiga gitaa katika mahoteli, kuanzia Diani mpaka Msambweni. Amestaafu, anafundisha nyumbani, na anafundisha mtu mmoja mmoja. Hachanganyi wanafunzi.

Siku ya kwanza nilimkuta sebuleni, kanzu safi, kofia ya kushonwa kwa mkono, gitaa la zamani mapajani.

"Mlango tutauacha wazi," akaniambia. "Na Bi Mishi atakaa hapa. Wewe ni mwana wa watu, si maharimu wangu. Sitaki mtu apite njiani aseme neno."

Nikasema sawa, mzee. Dini ya mtu naiheshimu.

Bi Mishi ndiye mkewe. Mama mnene, mpole, leso mbili, hasemi. Akaleta mbuzi yake ya kukunia nazi, akaiweka karibu na mlango, akaikalia na sinia mbele yake. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika marahaba, akaanza kukuna.

Na mimi nikaanza kupiga. Hapo ndipo tulipoanza kukosana, mimi na yeye, bila kugombana.

Hebu niwaambie nilivyoona wakati ule. Mzee alikuwa hanitazami nikipiga. Amekaa upande, macho kwa mkewe, kama mtu anayemwogopa. Lakini nikifungua mdomo kusema, anageuka na kunikodolea midomo. Midomo, si macho! Nikisema nimeinamisha kichwa, ananikatiza, "Inua uso mwanangu, sema nikuone."

Mimi nina miaka ishirini na saba. Mwanamume akinitazama midomo najua ninachofikiria.

Nikapiga hesabu yangu, nikapata jibu: huyu mzee ana macho mabaya, na mkewe anamjua, ndiyo maana anakaa mlangoni kumlinda. Au ananilinda mimi nisimwibie mume. Mimi! Nimwibie mzee wa miaka sabini mwenye kikohozi!

Na ile tabia ya kuacha kukuna nikikosea ndiyo iliyonimaliza. Niliona ni kejeli. Mwanamke ambaye hajashika gitaa maishani ananinyamazia mimi, eti anasikia kosa. Kila akinyamaza, damu inanichemka. Kila damu ikichemka, nakosea tena.

"Rudia."

Mwezi wa kwanza nilimwamkia. Mwezi wa pili nikawa nasema "hamjambo" ya jumla, kichwa kwa mzee. Mwezi wa tatu nikaacha kabisa. Naingia, nampita pale chini kama mtu anayepita gunia la mkaa.

Sijivuni. Nawaambia nilivyofanya.

Mwezi wangu wa nane kwa mzee, habari ikaja. Mpiga gitaa wa bendi ya hoteli amepata kazi Unguja, anaondoka. Meneja wa burudani, dada mmoja wa Nairobi anayeitwa Purity, akabandika tangazo: majaribio kwa wafanyakazi kwanza, kisha ndipo watafute nje. Nafasi moja. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa.

Nilisoma karatasi ile mara nne. Nikatazama vidole vyangu. Nikipata, natoka dobi. Nikikosa, nabaki na dawa mpaka siku vidole vitakaposhindwa kukamata uzi, na hapo hata gitaa lenyewe litakuwa halina maana.

Dobi nzima wakajua. Rispah, mwenzangu wa meza ya pasi, akawa kila asubuhi ananiimbia, "Mwanamuziki wetu! Usitusahau ukivaa maua!"

Wiki mbili kabla ya majaribio, nikalipuka.

Nilikuwa napiga wimbo wangu wa majaribio, nimefika mahali pagumu. Kimya. Mbuzi imesimama. Nikarudia. Kimya. Nikarudia tena. Kimya! Nikaliweka gitaa chini kwa kishindo.

"Mzee," nikasema, "mimi sitaweza hivi."

Akanitazama midomo. "Huwezi nini?"

"Siwezi kujifunza mkeo ananilinda kama mwizi. Kila nikigusa uzi ananikodolea. Nimsikilize nani, wewe au yeye? Ama yeye atoke, ama mimi nitoke."

Bi Mishi akashusha macho kwenye sinia.

Nilimwona mzee akimtazama mkewe, akinitazama mimi, akimtazama mkewe tena. Nikadhani anatafuta ujasiri wa kumwambia mkewe ondoka.

"Basi," akasema mwishowe. "Tutakaa barazani, njia nzima itatuona. Bi Mishi atakuwa jikoni kwake, nyuma."

"Waziri," mkewe akamwita, taratibu.

Mzee, macho bado kwake, akainua mkono. "Nimesema basi."

Jamani, mnajua raha ya kushinda? Nilirudi Mvindeni siku ile naruka.

Masomo manne yaliyobaki yalikuwa asali. Tunakaa barazani, upepo unapita, mzee ananitazama vidole, anatikisa kichwa, anatabasamu. Somo la kwanza bila Bi Mishi, nikamaliza wimbo wote mara moja. Hakuna rudia.

"Mashallah," akasema. "Umeiva."

Miezi minane sijawahi kusikia neno hilo! Nilitaka kulia. Nikasema moyoni, mnaona? Si mimi niliyekuwa mbovu. Ni yule mama aliyekuwa akinitia mkosi.

Huko jikoni nyuma sufuria zilikuwa zikigongwa. Nikipiga, zinagongwa: pa! pa! pa! Nikajua amekasirika kutolewa, ana wivu, anatufanyia makusudi. Nikapiga kwa nguvu zaidi ili nimfunike.

Mzee wala hakugeuka.

Alhamisi ya mwisho akachukua gitaa langu, akalilaza kifuani, akaegemeza taya lake juu ya ubao kama alivyozoea, akaanza kukaza nyuzi moja moja. Alikuwa amefumba macho. Alikaza muda mrefu sana. Huko jikoni kitu kilianguka kikavunjika.

Akanirudishia. "Nimekutengenezea mwenyewe. Usiziguse. Zipumzike mpaka Jumamosi, ukiitwa ndipo upige."

Mimi mjinga nikatii. Ijumaa nzima gitaa limelala kitandani, mimi nimelala kwenye mkeka ili nisiliguse.

Jumamosi, saa tisa, ukumbi wa chakula. Bendi imekaa. Purity na karatasi zake. Na nyuma, mlangoni kwa jikoni, watu wangu wote wa dobi wamechungulia na aproni zao, Rispah mbele.

Nikaitwa wa tatu. Mpiga kinanda akaanza, nikaingia.

Sauti iliyotoka sijui niieleze vipi. Ilikuwa kama watu wawili wanagombana kwenye chumba kimoja. Nikadhani ni kinanda kibovu. Kwa nini nisidhani? Nyuzi zilikazwa na Mzee Waziri mwenyewe, miaka thelathini!

Mpiga kinanda akanitazama, akakunja uso. Nikaogopa. Nikiogopa naharakisha. Nikaharakisha, ngoma ikabaki nyuma, mpiga ngoma akawa ananifukuza.

Purity akapiga makofi kusimamisha.

"Aki dada, unakimbia wapi? Wenzako wako huku. Na hiyo gitaa ulituni na nani?"

"Na mwalimu wangu."

"Mwalimu wako anaskia kweli?"

Bendi ikacheka. Mlangoni nyuma kuna mtu alicheka pia, na nilimjua kwa sauti. Purity mwenyewe hakucheka, na nashukuru kwa hilo. Alisema tu, "Asante Sidi. Anayefuata."

Nikatoka na gitaa langu nikapita katikati ya watu wa dobi.

Sikurudi Mvindeni. Nilichukua boda moja kwa moja hadi Mwabungo. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na kila neno lilikuwa chafu kuliko lililotangulia.

Nilimkuta barazani. Amekaa amenipa mgongo, anapangusa gitaa lake kwa kitambaa.

Sikupiga hodi. Sikuamkia. Nilisimama hatua mbili nyuma yake nikaanza.

"Mzee tapeli! Mzee muongo mkubwa! Umenipeleka kuchekwa mbele ya watu! Hata nyuzi huwezi kukaza, unajiita mwalimu! Kazi yako ni kutazama wasichana midomo! Miezi minane yangu! Vidole vyangu hivi!"

Hakugeuka.

"Unanidharau? Nazungumza na wewe!"

Anapangusa. Anapangusa polepole, anavuma kitu puani, wimbo usio na mbele wala nyuma.

Nikamtukana kwa Kiduruma chetu. Nikamtukana kwa Kiswahili tena. Jirani ng'ambo ya njia alisimama na ndoo yake, mdomo wazi. Mzee Waziri akageuza kitambaa upande wa pili.

Hapo nikasikia miguu. Bi Mishi ametoka ndani. Hakunitazama. Alimsogelea mumewe, akapiga kisigino chake sakafuni mara mbili: du, du.

Mzee akashtuka, akamtazama mkewe, kisha akageuka.

Aliponiona, uso wake wote ulifunguka. Alitabasamu mpaka nikaona mapengo yake yote.

"Sidi! Mwanangu! Wamekuchukua?"

Maneno yangu yote yalikuwa yamekwisha, na yeye hakuwa amesikia hata moja.

"Hasikii," Bi Mishi akasema. "Mwaka wa nne huu. Sikio la kushoto lilitangulia, na hili la pili likafuata. Miaka thelathini amesimama mbele ya maspika ya watu. Walipomtoa kwenye bendi waliambiana amezeeka."

Nilimtazama mzee. Alikuwa akitutazama midomo, mmoja baada ya mwingine, na tabasamu lilikuwa linaondoka kidogo kidogo.

"Kwa hivyo miezi minane..." nikasema.

"Miezi minane aliyekuwa akikusikiliza ni mimi. Ukienda sawa, nakuna. Ukikosea, naacha, ananiona, anakuambia rudia. Ukitaka kukimbia, nakushika kwa mbuzi yangu, unarudi kwenye mwendo bila kujua. Kisha ukasema nitoke."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Nimvue nguo mume wangu mbele ya mwana wa watu?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Niligonga sufuria mpaka ikabonyea! Ile Alhamisi nimevunja bakuli langu zuri kwa makusudi nikidhani utashtuka uulize. Ukapiga kwa nguvu zaidi!"

Nikamgeukia mzee, nikasimama mbele yake kabisa anione vizuri.

"Ulijua husikii, na ukanikazia nyuzi."

"Niliweka taya," akasema. "Mtetemo wa ubao. Zamani ulikuwa unanitosha."

"Na ukaniambia nimeiva. Ulisikia nini mpaka ukasema nimeiva?"

Alitazama mikono yake. "Niliona vidole. Vidole vilikuwa mahali pake." Akaniinulia uso. "Ungekuja kwangu kama ungejua?"

"Nisingekuja!"

"Basi."

"Basi nini? Ungeniachia nichague mwenyewe! Nafasi ilikuwa yangu, mzee. Moja tu. Umeificha aibu yako ndani ya nafasi yangu!"

Alisoma kila neno. Nilihakikisha anasoma. Machozi yalimtoka, na nawaambia kweli, sikumwonea huruma saa ile. Na mimi nililia, lakini kwa hasira. Niliondoka bila kuaga.

Kazi alipewa kijana kutoka nje. Jumatatu nilikuwa dobi kama kawaida, mikono kwenye dawa. Rispah aliniletea chai akaniomba radhi, maana ndiye aliyecheka.

Wiki mbili sikugusa gitaa. Lakini kila nikilala, kichwani nasikia krr, krr, krr. Na nikawa najiuliza swali ambalo sikulipenda. Mzee alinidanganya, sawa. Mkewe alinyamaza, sawa. Lakini ni nani aliyemtoa Bi Mishi mlangoni? Ni nani aliyekaa na mtu miezi minane, akajua sauti ya nazi yake, asijue sauti yake yeye?

Alhamisi moja nikaenda. Alasiri, kama zamani.

Bi Mishi alikuwa uani anaanika leso. Aliniona na gitaa mgongoni.

"Nimekuja kujifunza," nikasema.

"Mwalimu yuko ndani."

"Nimekuja kwako."

Alicheka kidogo, bila furaha sana. "Mimi sijui kushika gitaa, mwanangu. Najua likipigwa vibaya, basi."

"Hicho ndicho ninachotaka."

Akapachika leso ya mwisho kwenye kamba. Akapangusa mikono, akanikabili.

"Kwanza uniamkie," akasema. "Miezi sita unanipita. Mbwa wa jirani ulimsalimu."

Ni kweli. Yule mbwa nilikuwa namwambia mambo.

Sasa tunakaa watatu. Bi Mishi hakai mlangoni tena, anakaa mbele yangu, na nikikosea anasema kwa mdomo wake, na mdomo huo, Mungu anisamehe, ni mkali kuliko kimya chake. Mzee ananiweka vidole sawa. Nyuzi anakaza yeye, mkewe anasema juu, chini, hapo. Wanafunzi wote wanaambiwa ukweli siku ya kwanza. Nilimwambia mzee hilo ndilo sharti langu, akakubali, ingawa ilimchukua siku tatu. Wawili waliondoka. Wanne wamebaki.

Bendi ya hoteli sijaipata. Nimeingia kwenye kikundi kinachopiga harusi upande wa Msambweni, Jumamosi. Siku nyingine bado nafua mashuka, glavu najinunulia. Kwa mzee sijasamehe yote. Kuna siku namtazama anavyotabasamu nataka kumrushia gitaa. Yeye anajua, na ananipisha.

Lakini nyinyi mnaosoma, chukueni hili kutoka kwangu. Kabla hujamfukuza mtu kwa sababu amekaa kimya anakutazama, hakikisha kwanza kwamba si yeye peke yake anayekusikia.

Na wewe Bi Mishi, najua mjukuu wako atakusomea haya. Shikamoo.